Usianze na rangi: kuitambua baiskeli kuukuu ya mbio na kuamua kama inafaa kufufuliwa

Baiskeli za mbio za zamani hufika pande zetu kwa njia mbili. Kuna zilizosahaulika stoo, katika mashamba ya Njoro na Molo, nyumba za misheni na nyumba za walimu waliostaafu. Kuna na zile zinazoshuka na mitumba kutoka Ulaya na Japani, ukazikuta zimesimamishwa ukutani Nakuru au zimelazwa juu ya turubai Kibuye, Kisumu. Wanunuzi wengi hutazama kwanza rangi na kutu. Hivyo viwili ndivyo vinavyosema machache zaidi. Fremu iliyonyooka, yenye thredi ambazo vipuri vya hapa vinaingia, hufufuka hata kama kutu imeila rangi yote. Fremu inayong'aa yenye thredi za Kifaransa inaweza kukutembeza kutoka Busia hadi Nairobi ukitafuta kikombe kimoja cha kranki, yaani kibakuli cha skrubu ambamo gololi za ekseli ya kranki hukaa.

Nenda na kalipa, kifaa cha kupimia unene kwa milimita (hata ya plastiki itafaa), tepu ya kupimia, kamba nyembamba ya mita 3, sumaku ndogo na tochi. Kabla ya yote, simama juu ya bomba la juu miguu yote ikiwa chini. Kama hupati nafasi ya sentimita 2 hivi, rudisha. Fremu nyingi za Uingereza ni za inchi 23, yaani sentimita 58 kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi mdomo wa bomba la kiti, na hakuna fundi wa kuzifupisha.

Stika zimetoka, jina halijulikani

Kisababishi karibu kila mara ni rangi mpya, pengine imepakwa mara mbili. Pitisha sumaku juu ya mabomba yote: ikishika vizuri kila mahali halafu ikalegea mahali pamoja, hapo pamejazwa puti, na chini ya puti kuna bonde au tundu la kutu. Isiposhika popote, kwa kawaida fremu ni ya alumini. Za alumini za zamani zilizounganishwa kwa gundi, kama Vitus 979, ziache kabisa ukiona hata mstari mwembamba wa ufa penye kiungio.

Namba ya fremu huwa chini ya ekseli ya kranki, kwenye sikio la nyuma ambamo gurudumu hukaa, au juu karibu na kiti. Pekee haisemi mengi. Vipuri husema zaidi. Habu (kitovu cha gurudumu) ya Sturmey-Archer imegongwa mwaka na mwezi kwenye mwili wake: AW 72 5 ni Mei 1972. Vipuri vya Shimano vina herufi mbili nyuma, ya kwanza mwaka kuanzia A kwa 1976, ya pili mwezi kuanzia A kwa Januari. Kwa hiyo CF ni Juni 1978. Kibadilisha gia cha nyuma cha Campagnolo Nuovo Record kina neno Patent likifuatwa na tarakimu mbili za mwaka. Pedali zenye D na G ni za Ufaransa, D na S ni za Italia, R na L ni za Uingereza au Japani.

Lakini kipuri hubadilishwa. Habu ya 1972 inaweza kuwa imefungwa kwenye fremu ya 1985. Usitaje mwaka mpaka vipuri vitatu visivyotegemeana vikubaliane, kisha uone kama fremu nayo inakubali. Fremu ambayo waya zake zote zimeshikwa na vibanio vya kufungwa kwa skrubu, bila kitu kilicholehemiwa bombani, kwa kawaida ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970. Matundu ya skrubu ya kushikia chupa mbili za maji ni dalili ya miaka ya 1980. Wenzo wa gia unaogonga hatua kwa hatua, wa Shimano SIS, hauwezi kuwa wa kabla ya 1984.

Stika inasema Reynolds 531, lakini baiskeli ni nzito kama gunia

Reynolds 531 ni mabomba ya chuma chepesi cha daraja la juu. Huenda stika si uongo. Toa magurudumu uyapime mkononi peke yake: rimu za chuma cha kromu, nguzo ya kiti ya chuma na kranki za chuma huongeza kilo kadhaa kwenye fremu nyepesi. Pia soma stika hadi mwisho. Zipo zinazosema mabomba matatu makuu tu ndiyo ya 531, na hizo za nyuma na foki ni chuma cha kawaida. Na stika hununuliwa, mtu akaibandika.

Kipimo kisichodanganya ni nguzo ya kiti. Itoe, ipime kwa kalipa. Milimita 27.2 kwenye fremu ya Uingereza ina maana kuta za bomba ni nyembamba, ni la daraja la juu. 26.4 ni kawaida kwenye fremu nzuri za Ufaransa. 25.4 ni bomba la kawaida lenye kuta nene, hata stika ikisema nini. Tazama na masikio ya nyuma: yaliyofuliwa ni manene, yana mgongo na kingo laini, yaliyokatwa kwenye bati ni bapa kama kipande cha bawaba. Baiskeli ya Peugeot yenye stika ya Carbolite 103 haitakuwa nyepesi kamwe, ila ni ngumu na haiziogopi barabara zetu za marramu, kwa hiyo usiidharau kama unataka ya kuendesha na si ya kuonyesha watu.

Nguzo ya kiti haitoki

Hii ndiyo dalili inayoshusha bei kuliko zote, na muuzaji akikwambia "itatoka tu na mafuta", mwambie aitoe yeye. Shika sumaku kwanza. Ikishika, nguzo ni ya chuma, iliyogandana na bomba kwa kutu ya kawaida, na mafuta ya kulegeza kutu yana nafasi nzuri. Isiposhika, ni alumini ndani ya chuma. Metali hizi mbili zikikutana na unyevu, alumini huliwa na unga wake mweupe huvimba na kuziba pengo lote. Hali ya ziwa ya Kisumu huharakisha jambo hilo. Stoo yenye magunia ya mbolea ya DAP au CAN ni mbaya zaidi, kwa sababu chumvi ya mbolea huvuta maji na kuyashikilia.

Toa bolti ya kubana kiti kabisa, usiilegeze tu. Pindua baiskeli magurudumu juu, toa ekseli ya kranki ukiweza, na umimine mafuta ndani ya bomba la kiti kutoka upande wa kranki ili yashuke hadi kwenye nguzo. Nusu mafuta ya gia-otomatiki ya gari na nusu asetoni hupenya vizuri kuliko dizeli. Subiri siku tatu, ukiongeza kila jioni. Kisha bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa kubwa lililofungwa mezani, uishike fremu yenyewe kama mpini na uizungushe polepole. Kuvuta hakusaidii, ni kuzungusha ndiko kunakovunja ule unga. Barafu iliyofungwa kwenye nguzo kwa nusu saa husaidia, kwa sababu alumini hunywea karibu mara mbili ya chuma ikipoa. Ukiwasha moto unaunguza rangi, na alumini inapanuka kuliko chuma, yaani inajibana zaidi.

Ukisikia bomba likilia au ukaona rangi ikipasuka karibu na kiungio, acha. Kilichobaki ni kukata nguzo na kupasua kipande kilichobaki ndani kwa msumeno wa chuma, kazi ya siku nzima, au kutumia sodiamu haidroksaidi, ile ya kuzibulia mabomba, ambayo hula alumini na kuacha chuma. Hiyo hutoa gesi inayowaka na huchoma ngozi na macho. Ifanyike nje, kwa glavu na miwani, mbali na jiko. Kwa fremu ya kawaida haifai hangaiko hilo.

Tairi mpya haikai, au inaruka kwenye rimu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Inchi zilizoandikwa tairini hazisemi ukubwa halisi. Kinachosema ni kipimo cha milimita cha pale tairi inapokaa kwenye rimu, kinachoandikwa ubavuni baada ya kistari, kama 32-630.

Tairi za Black Mamba, zile baiskeli nzito nyeusi za kila siku, zinazouzwa kila duka, 28 x 1 1/2, ni milimita 635. Baiskeli za mbio za Uingereza na Marekani za miaka ya 1970 mara nyingi ni 27 x 1 1/4, yaani 630. Za kisasa, 700C, ni 622. Za inchi 26 x 1 3/8 za Uingereza ni 590. Tofauti ya 635 na 630 ni milimita 5 tu, kwa hiyo tairi ya Mamba huingia kwenye rimu ya 27 bila shida, hata kwa vidole. Hiyo ndiyo hatari yake. Ukiijaza upepo wa kutosha, ukingo unapanda rimu upande mmoja, tyubu inatokeza kama puto, inapasuka. Ndivyo hivyo hivyo tairi ya 27 kwenye rimu ya 700. Ukubwa unaolingana hukaza. Ukipachika tairi bila kukunja uso hata kidogo, simama usome namba. Tyubu zenyewe hunyooka, na hazina ugomvi huu.

Tairi za 27 ni adimu huku. Suluhisho ni kuhamia rimu za 700C, ambazo zimejaa mitumba. Raba za breki zitahitaji kushuka milimita 4, kwa kuwa 630 ukitoa 622 ni 8, nusu yake kila upande. Angalia tundu refu la kushikia raba kwenye breki kabla ya kununua gurudumu: likiwa na nafasi ya milimita 4 chini, umepona. Upana wa nyuma nao pima, kati ya masikio kwa ndani: 120 ni gia tano, 126 ni sita au saba, 130 ni nane na zaidi. Fremu ya chuma inaweza kupanuliwa taratibu kutoka 126 hadi 130. Ya alumini, usijaribu.

Kranki inagonga, au kikombe kinalegea kila wiki mbili

Mgoto mmoja kila mzunguko, mguu uleule ukikanyaga, ni kotapini, ile pini inayoshikisha kranki kwenye ekseli. Kranki zenye kotapini huchekwa na wapenzi wa baiskeli za kifahari, lakini hapa Magharibi ni neema: Mamba hutumia hizohizo, milimita 9.5, na fundi yeyote wa Busia au Mumias anaziweka akiongea na mteja mwingine. Za Ufaransa mara nyingi ni 9.0, hapo utasaga kwa tupa. Sababu za kulegea ni mbili: pini laini ya bei rahisi iliyokunjika ubavu, au ubavu wake haukulingana na mwinamo wa ekseli. Paka wino kwenye ubavu wa pini, ichomeke, itoe, na uone wino umefutika wapi. Ukifutika sehemu ndogo tu, piga tupa mpaka pini iguse karibu urefu wote wa ubavu wake. Pini mbili zikabiliane, moja nati juu, nyingine nati chini, la sivyo pedali hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Unapogonga, weka kipande cha bomba la chuma chini ya kranki, kikisimama sakafuni. Bila hicho, kila nyundo unayopiga hupokelewa na gololi, nazo zinachimba vishimo kwenye vikombe. Kaza tena baada ya siku ya kwanza ya kuendesha.

Kikombe cha kulia kinacholegea chenyewe, hata ukikikaza namna gani, ni swali la thredi. Pima upana wa nyumba ya ekseli. Milimita 68 ni ya Uingereza au Ufaransa, 70 ni Italia, 71 ni Raleigh ya zamani. Ya Uingereza (thredi 24 kwa inchi) na ya Raleigh (26 kwa inchi) zina kikombe cha kulia chenye thredi za kinyume: hufunguliwa kwa kuzungusha kama unayekaza. Ya Italia (36 x 24) na ya Ufaransa (35 x 1) ni za kawaida pande zote mbili, na msukumo wa miguu hukifungua polepole. Ndiyo maana kinalegea. Kioshe kwa petroli, kikauke, kipake gundi ya thredi, kikazwe kwa nguvu. Mara nyingi kikombe chenyewe kimegongwa maandishi, 1.37 x 24 au 35 x 1. Kisafishe uso kwa brashi ya waya kabla ya kubahatisha. Zilizoharibika tunazoziona zaidi ni za Uingereza ambazo fundi mwenye haraka alikifungua kikombe cha kulia kwa mkono usiofaa, akaongeza bomba kwenye spana, thredi zikatoka kama nyuzi za mkeka.

Kila upande gololi 11 za robo inchi, grisi ya kutosha. Kikombe chenye mstari unaong'aa kinafaa. Chenye vishimo vinavyoshika ukucha, hakifai, na hakuna grisi ya kukiponya.

Jambo la Ufaransa bado halijaisha. Pedali inayoingia mizunguko miwili na kukwama, usiilazimishe: kranki ya Ufaransa ya zamani ni 14 x 1.25, pedali za soko ni 9/16 x 20. Kranki ya alumini inaweza kuchongwa upya na fundi wa kereza. Shina la usukani la Ufaransa ni milimita 22.0, na yote mengine ni 22.2, shina la alumini husuguliwa kwa msasa hizo 0.2. Shina la chapa ya AVA lisitumike kabisa, kwa sababu lina sifa ya kupasuka pale mpasuo wake unapoishia. Tazama na vibadilisha gia vya Simplex vya plastiki nyeusi: ufa mdogo kwenye kiungo ni mwisho wake.

Inavuta upande mmoja ukiachia mikono

Kwanza ondoa visababishi vyepesi: gurudumu lisilokaa katikati ya masikio, beringi za shingo zenye vishimo (geuza usukani polepole, utasikia unanasa pale katikati). Vikishapita, geukia fremu.

Pitisha kidole chini ya bomba la chini na bomba la juu, sentimita 3 hadi 5 nyuma ya bomba la shingo. Rangi iliyokunjamana kama ngozi ya mzee, au mvimbo mdogo, ni alama ya kugonga kitu kwa mbele. Bomba likishakunjamana hapo, fremu imekwisha kwa matumizi ya barabarani. Foki ikiwa imerudi nyuma huku mabomba ni mazima, foki tu hubadilishwa.

Sasa kamba. Ifunge kwenye sikio la nyuma la kulia, izungushe mbele ya bomba la shingo, irudi ifungwe kwenye sikio la kushoto, ikiwa imekaza. Pima umbali kutoka kamba hadi bomba la kiti upande wa kulia, kisha wa kushoto. Tofauti ya milimita 1 au 2 inavumilika. Ikifika 5, sehemu ya nyuma imepinda. Fundi anayejua anaweza kuivuta mahali pake ikiwa ni chuma na hakuna mkunjo.

Usikubali fremu nyepesi ichomelewe kwa umeme. Bomba la aina ya 531 lina unene wa milimita 0.6 hivi katikati, na joto la weldi hulidhoofisha kando ya mshono, kisha likapasuka hapo baada ya miezi. Kulehemu kwa shaba kwa mkono mwepesi ndiyo njia. Na mchanga wa kupuliza kwa kompresa usiletwe karibu. Unapunguza bomba ambalo halina cha kupunguzwa.

Breki hazishiki kwenye mvua, gia zinaruka

Rimu za kromu zikilowa hazina breki. Raba nzuri hupunguza tatizo, haziliondoi. Anayeshuka Riat kuelekea Mamboleo alasiri, saa ya mvua, aweke rimu za alumini au aendeshe asubuhi.

Gia zinazojibadilisha zenyewe kwenye wenzo wa zamani husababishwa na skrubu ya wenzo iliyolegea. Ikaze robo mzunguko. Zinazoruka ukikanyaga kwa nguvu ni mnyororo. Inchi 12 za mnyororo mpya ni hatua 24 kamili kutoka pini hadi pini. Ikizidi 1/16, badilisha mnyororo. Ikizidi 1/8, friwili (meno ya nyuma) nayo imekwisha, na hakikisha una kifunguo chake kinacholingana kabla ya kuigusa. Kama unapanda kuelekea Timboroa au Mau Summit, meno 42 mbele na 24 nyuma yatakutoa roho. Friwili ya hadi 28 ni bora, ila Nuovo Record kwa kawaida haivuki 26.

Kuamua

Fremu iliyokunjamana mbele ni ya vipuri tu. Nguzo ya alumini iliyoganda na thredi za Ufaransa: mojawapo ikiwepo, teremsha bei kwa nguvu. Mbili zikiwepo, nunua kwa vipuri tu. Ya Uingereza iliyonyooka, nguzo inatelezeka, vikombe havina vishimo, hiyo ifufue hata kama magurudumu yote mawili ni ya kutupa. Fremu ya Italia iko katikati: vipuri vyake ni adimu, lakini mara nyingi fremu yenyewe inastahili kungojewa.

Orodha yako ya mwanzo iwe tairi, tyubu, waya na raba za breki, gololi, mnyororo. Kutu juu ya kromu isuguliwe kwa karatasi ya alumini ya jikoni na maji, si kwa msasa. Stika za asili ziache hata zikiwa nusu, maana mnunuzi anayejua hulipia hizo. Endesha kilomita 30, kisha rudi uangalie kotapini, kikombe cha kulia, na spoku. Spoku huonyesha hali yake kwa sauti: zigonge moja moja kwa kijiti, na ile inayolia chini kuliko jirani zake wa upande uleule ndiyo ya kukazwa.